Sura ya Sita: Fungu la Mpokezi

Baina ya mkono unaotoa na mkono unaopewa, pindi wenye mikono hiyo wanapokuwa mbali hata wasiweze kuonana, hapana budi awepo mtu wa tatu wa kuichukua sadaka, kuihesabu, kuiandika daftarini na kuifikisha. Na mtu huyo, awe ni karani wa msikiti, mweka hazina wa kamati, benki, au jukwaa la mtandaoni lenye makao yake California, naye ana tumbo, ana pango la kulipa na watumishi wanaongoja mshahara mwisho wa mwezi. Maadamu hula katika kazi hiyo, swali la kwamba anakula kiasi gani, kwa idhini ya nani, na wakati gani anakata fungu lake, ni swali la haki kabla halijawa swali la hesabu.

Sheria ya Kiislamu haikulionea haya jambo hili. Katika makundi manane ya watu wanaostahili zaka, kama yalivyotajwa katika Sura ya Tauba, wanaoitumikia zaka, yaani waikusanyao na kuigawa, wametajwa mahali pa tatu, baada ya mafakiri na masikini, na kabla ya wenye madeni na wasafiri waliokwama njiani. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, walilipima fungu hilo kwa thumni, sehemu moja katika nane, nayo ni asilimia 12.5, wakasema kwamba mpokezi hupewa ujira wa kadiri ya kazi yake, na kikizidi kitu katika thumni hiyo hurejea kwa makundi mengine, na kwamba mwenye mali akiigawa zaka yake kwa mkono wake mwenyewe, fungu la mpokezi huanguka na makundi hubaki saba. Siitaji fikihi hapa kwa kutaka kuigeuza sura hii kuwa darsa. Naitaja kwa sababu mzee yeyote aliyepata kuketi mbele ya mwalimu wa dini Lamu au Tanga alijua kwamba ujira wa mpokezi ni halali, una mpaka, na hufuata kazi iliyofanywa, ilhali wengi wa wenye majukwaa ya leo wameuonea aibu ujira wao, na aibu hiyo ndiyo iliyowafikisha katika kuuficha.

Tuitazame hesabu kwanza, kwa kuwa bila hesabu maneno ya insafu huelea hewani. Kampuni ya malipo kama Stripe, kwa bei yake ya kawaida nchini Marekani, hukata asilimia 2.9 ya kila malipo ya kadi na juu yake senti 30. Sehemu kubwa ya makato hayo haikai kwake, bali huenda kwa benki iliyompa mtoaji kadi yake, na kiasi kidogo kwa mitandao ya Visa au Mastercard. Mtu akitoa dola 100, makato ni dola 3.20, jambo ambalo hapana atakayelilalamikia. Akitoa dola 5, makato ni karibu senti 45, yaani asilimia 9 kasoro kidogo. Akitoa dola 1, kama wafanyavyo vijana wengi walioguswa na picha waliyoiona katika simu, senti 33 hupotea kabla hujafumba na kufumbua: theluthi ya sadaka imeliwa, na wala jukwaa lenyewe halijadai chake. Kwa hiyo ile sifa ya mtandao kwamba umeifungua milango ya hisani kwa mnyonge mwenye kidogo ni sifa ya kweli nusu, kwa sababu senti 30 zile hazijui mnyonge wala tajiri, na mzigo wake humwelemea zaidi mwenye kutoa kidogo.

Sasa lije jukwaa nalo, na tuseme linataka asilimia 5. Asilimia 5 ya nini? Hapa ndipo hila nyingi huingia bila kupiga hodi. Likikata katika dola 100 kamili, linachukua dola 5, na shirika la hisani, baada ya makato ya kadi, linapata dola 91.80. Likikata katika kilichosalia baada ya kadi, linachukua dola 4.84 na shirika linapata dola 91.96. Na likikubali kuibeba ada ya kadi ndani ya asilimia zake 5, shirika linapata dola 95 na jukwaa linaambulia dola 1.80. Tangazo ni lilelile katika hali zote tatu, asilimia 5, na mtoaji aliyelisoma ataapa kwamba ameelewa. Katika Uingereza tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa serikali ya huko, kwa mpango wa Gift Aid ulioanza mwaka 1990, huliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni iliyotolewa na mlipa kodi. Jukwaa la JustGiving, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne hii na Zarine Kharas na Anne-Marie Huby, lilikuwa likikata asilimia 5 yake si katika pauni 10 za mtoaji tu bali katika pauni 12.50, pamoja na ile ziada iliyotoka katika hazina ya taifa. Wenye jukwaa walikuwa na hoja, kwamba wao ndio wanaoifanya kazi ya kuidai kodi hiyo kwa niaba ya shirika, na hoja hiyo ina uzito; lakini raia aliyesikia kwamba kampuni ya biashara imelamba hata kodi iliyosamehewa kwa ajili ya wagonjwa hakuwa na subira ya kusikiliza hoja.

Makelele ya namna hiyo yalizaa mageuzi ambayo, kwa nionavyo mimi, yameliharibu jambo zaidi kuliko yalivyolitengeneza. Mwezi Novemba 2017 jukwaa la GoFundMe liliifuta ada yake ya asilimia 5 kwa michango ya watu binafsi nchini Marekani, na mwaka 2019 JustGiving, ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kununuliwa na kampuni ya Blackbaud kwa pauni milioni 95, likafuata nyayo hizo kwa mashirika ya Uingereza. Badala ya ada ikaja bakshishi: mtoaji, akiisha kuandika kiasi chake, huletewa mstari wa pili unaomwomba aliongezee jukwaa kitu kwa hiari, na hiari hiyo mara nyingi huja imekwisha kupangiwa kiasi, ikimngoja asiyesoma abonyeze kitufe na kupita. Tangazo likaandikwa kwamba jukwaa ni bure. Lakini mishahara ya watumishi haikupungua, wala wenye hisa hawakuacha kudai faida. Fungu la mpokezi halikuanguka kama lilivyoanguka katika mfano wa mwenye zaka agawaye mwenyewe, ila limehamishwa kutoka mkono wa shirika na kutiwa mkono wa mtoaji, na limeondolewa mpaka. Asilimia 5 za zamani zilijulikana na zingeweza kupingwa. Bakshishi yaweza kuwa sifuri kwa mjuzi, na kwa ajuza asiye na miwani yaweza kuwa asilimia 15.

Haki haitaki tusahau upande wa pili. Tom Moore, askari mstaafu wa Uingereza, alipoamua katika masika ya mwaka 2020 kuizunguka bustani yake mara 100 kabla hajatimiza umri wa miaka 100, alitaraji kuzichangia hisani za hospitali za umma pauni 1,000, na hadi siku yake ya kuzaliwa, tarehe 30 Aprili, ukurasa wake katika JustGiving ulikuwa umepokea zaidi ya pauni milioni 32. Kuna kamati gani ya mtaa, yenye daftari na kalamu ya risasi, ambayo ingeweza kuzipokea fedha kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja kwa wiki chache bila kupoteza hata jina moja? Mtambo huo unagharimu, na anayeudharau ujira wa mwenye mtambo hajapata kukesha akiandika risiti.

Na kuna waliolikabili jambo hili kwa ujasiri zaidi. Jukwaa la Kiva, lililoanza mwaka 2005 kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo 7 wa Tororo, nchini Uganda, lilishika tangu mwanzo kwamba kila dola ya mkopeshaji huingia yote katika mkopo, na kwamba gharama za jukwaa zitaombwa kando kama mchango unaojulikana kuwa ni mchango. Na PayPal ikakubali kuyapitisha malipo hayo bila kukata kitu. Msamaha huo wa PayPal ndio uliouwezesha mpango mzima, maana pasipo huo zile senti za kadi zingalikuwa zimekwisha kuitoboa ahadi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka kwa watu wa hisani, ulitoka kwa wauza michezo ya kompyuta. Mwezi Mei 2010 Jeffrey Rosen na wenzake wa kampuni ndogo ya Wolfire Games walikusanya michezo kadhaa ya watunzi wadogo, miongoni mwao World of Goo na Aquaria, wakaiuza kama furushi moja lisilo na bei: lipa utakacho. Ajabu haikuwa katika bei tu. Mnunuzi, akiisha kuandika kiasi chake, alioneshwa vijiti vya kusogeza huku na huku, kimoja cha watunzi na vingine vya mashirika mawili ya hisani, Electronic Frontier Foundation na Child's Play, na kwa kidole chake mwenyewe aliamua kila mmoja apate nini. Katika mafurushi yaliyofuata kikaongezwa kijiti cha wauzaji wenyewe. Aliyetaka kuyapa mashirika kila kitu na watunzi asiwape hata senti aliruhusiwa, na aliyetaka kinyume chake aliruhusiwa pia. Watu zaidi ya 138,000 walinunua, na zikapatikana takriban dola milioni 1.27. Watumiaji wa Linux, ambao dunia huwadhania mabahili kwa kuwa mfumo wao ni wa bure, ndio waliolipa zaidi kwa wastani. Walikuwapo pia waliolipa senti moja, na hao walikuwa hasara tupu, kwa kuwa gharama ya kuipokea senti hiyo iliizidi senti yenyewe. Baadaye likawekwa sharti la dola 1 kwa mwenye kutaka kuifungua michezo hiyo katika duka la Steam.

Nimeuita mfano huu bora kwa sababu ndani yake mpokezi hakujificha. Alisimama katika mstari mmoja na mtunzi na mashirika ya hisani, akasema: na mimi nipo, nipime. Walakini ujasiri una umri wake. Mwaka 2017 duka la mafurushi hayo, ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kuitwa Humble Bundle, lilinunuliwa na kampuni ya Ziff Davis kupitia IGN; na mwaka 2021 lilitangaza kuviondoa vijiti vile, likapigiwa kelele na wateja, likavirudisha, kisha miezi michache baadaye likaweka kima ambacho fungu lake haliwezi kushuka chini yake, baina ya asilimia 15 na 30 kwa kutegemea furushi. Wengi walikasirika. Mimi sikuona sababu ya hasira katika kima chenyewe, maana asilimia 15 iliyoandikwa wazi ni jirani wa ile thumni ya mafakihi. Ila naafiki malalamiko ya wale waliosema kwamba mwenye kumpa mtu uhuru wa kugawa kwa miaka kumi kisha akaupunguza, hana budi kueleza kilichobadilika katika kazi yake hata ujira upande.

Huku kwetu hesabu hizi zilijulikana kabla ya majukwaa hayo kufika. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mama aliyeko Newala anayetumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam hujua kwamba shilingi 50,000 zilizofika si shilingi 50,000 atakazozishika kwa wakala, na mtoto mwenye adabu hutuma pamoja na ya kutolea. Ndiyo desturi ambayo majukwaa ya Ulaya yameigundua baada ya miaka, yakamwekea mtoaji kisanduku cha kuweka alama akitaka kuzibeba gharama. Na ajabu ni kwamba hata hao wenye mashine wamekuwa wakikosea hesabu ambayo wakala wa mtaani haikosei. Mtoaji anayetaka shirika lipate dola 100 kamili hawezi kuongeza zile dola 3.20 tu, kwa kuwa nyongeza nayo hukatwa, na shirika litaambulia dola 99.91, hana budi kulipa dola 103.30. Nchini Kenya Safaricom imewapa wenye namba za kupokelea malipo uchaguzi wa namna tatu: mlipaji abebe gharama zote, au mpokeaji azibebe zote, au wagawane katika mpango uitwao Mgao, na kamati ya harambee inayojua kazi yake huamua jambo hilo kabla ya kutangaza namba, kisha humtaja katika mkutano yule atakayebeba.

Serikali nayo yaweza kuwa mpokezi. Mwezi Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza miamala ya simu tozo iliyotoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa kadiri ya kiasi, katika kutuma na katika kutoa, ili kujenga vituo vya afya, shule na barabara. Mwaka uleule, baada ya manung'uniko, ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Nia ilikuwa njema na tozo ilikuwa wazi, wala sina la kusema juu ya nia. Ila mchango wa matibabu uliotumwa na watu 40 kwa mweka hazina, naye akaupeleka kwa mgonjwa, na mgonjwa akautoa kwa wakala, ulipita katika lango lilelile mara kadhaa, na kila mara lango lilidai kana kwamba fedha hiyo ni mpya.

Narudi sasa katika swali la wakati, ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kiasi. Jukwaa laweza kuzipokea fedha zote katika akaunti yake, likazilaza humo, na mwisho wa mwezi likawagawia wenyewe. Au laweza kuigawa kila sadaka palepale inapoingia, fungu la shirika likaenda katika akaunti ya shirika na ada ikaenda katika akaunti ya jukwaa, kama ziwezeshavyo huduma za malipo ya mgawanyo mfano wa Stripe Connect. Katika njia ya kwanza sadaka ni amana mkononi mwa mfanyabiashara, na amana iliyochanganywa na mali ya mwenye duka haitambulikani tena siku duka linapofilisika. Katika njia ya pili hapana wa kukhini, kwa kuwa hapana kilicholala kwake. Mwaka 2020 shirika la PayPal Giving Fund lilimaliza kwa suluhu shauri la wanasheria wakuu wa majimbo zaidi ya 20 ya Marekani, waliolalamika kwamba watoaji hawakuelezwa vya kutosha kuwa fedha zao huingia kwanza katika mfuko huo, wala muda ambao zingeweza kuchukua kabla ya kufika, wala kwamba zingeweza kuelekezwa kwingine. California ikaenda mbali zaidi: sheria yake iitwayo AB 488, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, inayataka majukwaa ya uchangishaji yajiandikishe kwa Mwanasheria Mkuu, yaziweke sadaka mbali na fedha zao nyingine, na yamweleze mtoaji makato na muda wa kufikisha kabla hajalipa.

Laiti kugawa mlangoni kungetosha, sura hii ingeishia hapa. Lakini malipo ya kadi si fedha nakidi. Ni ahadi inayoweza kubatilishwa, aghalabu hadi siku 120 baadaye, mwenye kadi akienda katika benki yake na kukana kwamba ndiye aliyelipa. Na kurasa za hisani hupendwa mno na wezi wa kadi, kwa kuwa hapo hapana bidhaa ya kuletwa nyumbani wala muuzaji wa kuuliza maswali: mwizi huijaribu kadi aliyoiiba kwa kutoa sadaka ya dola 1, na ikipita anakwenda nayo dukani. Mwenye kadi akiamka na kulalamika, benki huirudisha dola yake, na kampuni ya malipo hutoza faini ambayo kwa Stripe nchini Marekani ni dola 15. Nani ailipe? Shirika lilipata senti zisizofika 70 na pengine limekwisha kuzinunulia dawa. Jukwaa lilikata senti zake tano. Benki imekwisha kuchukua chake. Malipo yakifanywa kwa jina la shirika, deni huangukia akaunti ya shirika; yakifanywa kwa jina la jukwaa, hulirudia jukwaa, nalo lazima liufukuzie mgawo uliokwisha kutoka. Kwa hofu hiyo majukwaa mengi yanayojisifu kwamba hugawa papo hapo hulizuia fungu la shirika kwa siku kadhaa kwanza, na hivyo ile amana tuliyoitoa kwa mlango wa mbele hurejea kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa na jina la tahadhari, na ikiwa imeandikwa katika mkataba ambao mweka hazina wa shirika dogo hutia saini akiwa amesoma ukurasa wa ada peke yake.